Utumwa Uliosahauliwa Kaskazini ya Marekani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nne zilizofika mezani kwangu mwezi huu zimetoka Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, na zote zinagusa jambo moja: namna ya kufundisha na kukumbuka utumwa uliokuwapo katika majimbo ya Kaskazini ya Marekani. Nimeona nizijibu kwa pamoja. Nimezifupisha, lakini hoja za waandishi wake sikuzibadili.

Barua ya kwanza: Mwalimu wa Historia, Dodoma Mjini

*Ndugu Mhariri, shikamoo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu biashara ya utumwa ya Bahari ya Atlantiki. Nilisema, kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe, kwamba utumwa wa Marekani ulikuwa wa majimbo ya Kusini na kwamba Kaskazini ilikuwa nchi ya watu huru. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akasema amesoma kwamba New York kuna makaburi ya watumwa chini ya maghorofa. Nikamwambia huenda amechanganya mambo. Darasa likacheka, naye akakaa kimya. Usiku nilitafuta habari hiyo nikakuta kwamba mimi ndiye niliyechanganya. Nirudi vipi darasani, na somo hili nilifundisheje?*

Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Anza na mwanafunzi huyo. Kabla hujaandika neno lolote ubaoni, mwambie mbele ya wale wale waliomcheka kwamba alisema kweli na kwamba wewe ulikosea. Nami nilifundisha kama ulivyofundisha wewe kwa miaka mingi, na sikupata mwanafunzi wa kunisahihisha, kwa hiyo nakuhesabu wewe kuwa na bahati.

Kisha wapeleke kwenye makaburi hayo, kwa maneno kama huna picha. Mwaka 1991 serikali kuu ya Marekani ilikuwa inachimba msingi wa jengo la ofisi katika eneo la kusini la Manhattan, wachimbaji wakakuta mifupa ya binadamu chini kabisa ya usawa wa barabara. Yalikuwa makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, yaliyotumika mpaka miaka ya 1790 na kukadiriwa kuwa na watu zaidi ya 15,000. Mabaki ya watu 419 yalitolewa kabla wakazi weusi wa jiji hawajaandamana na kushinikiza uchimbaji usimamishwe mwaka 1992. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Howard, wakiongozwa na Michael Blakey, waliichunguza mifupa hiyo kwa miaka kadhaa wakakuta kwamba karibu nusu ya waliozikwa walikuwa watoto, na kwamba mifupa ya watu wazima ilikuwa na alama za mizigo mizito iliyobebwa kupita kiasi. Mwaka 2003 mabaki yalizikwa upya katika majeneza yaliyochongwa Ghana, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa.

Katika makaburi hayo kuna mwanamke mmoja ambaye ningependa wanafunzi wako wamjue. Hana jina, wataalamu walimpa namba tu, kaburi la 340. Alikuwa mtu mzima, meno yake ya mbele yamechongwa, na kiunoni mwake mlikutwa shanga zaidi ya 100 pamoja na kauri. Hakuna binti wa darasa lako asiyejua shanga za kiunoni ni nini, na wala hutahitaji kumweleza mtu yeyote kwamba mwanamke hazikwi na shanga zake ila kwa mikono ya wanawake wenzake waliomwosha na kumvisha. Waache wakae na jambo hilo kidogo. Mtu huyu alizikwa katika jiji ambalo mwaka 1703 karibu nyumba nne katika kila kumi zilikuwa na mtumwa, na ambalo tangu mwaka 1711 lilikuwa na soko rasmi la kuuza na kukodisha watumwa mwisho wa barabara ya Wall Street, kando ya mto.

Baada ya hapo ndipo ueleze sheria, maana hapa ndipo vitabu vyetu vinapopita haraka mno. Massachusetts, ambayo tunaizoea kama makao ya wapinga utumwa, ilikuwa koloni la kwanza la Waingereza katika bara hilo kuupa utumwa msingi wa sheria, mwaka 1641. Meli za Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, zilifanya safari zaidi ya 900 kwenda Afrika zikibeba pombe kali ya ramu na kurudi na watu, takriban 100,000 kwa jumla. Uhuru nao haukushuka siku moja. Vermont ilipiga marufuku utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya 1777, na Massachusetts iliuvunja kwa hukumu za mahakama zilizokamilika mwaka 1783. Majimbo mengine yalichagua njia ya polepole: Pennsylvania mwaka 1780, Connecticut na Rhode Island mwaka 1784, New York mwaka 1799 na New Jersey mwaka 1804. Sheria hizo hazikumwacha huru mtumwa yeyote aliyekuwa hai siku zilipopitishwa. Zilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa baadaye watahesabiwa huru, lakini watamtumikia bwana wa mama yao mpaka wawe watu wazima, na katika baadhi ya majimbo mpaka wapindukie miaka ishirini na mitano.

Hapo wape hesabu. Andika ubaoni kwamba New York ilisema mtoto wa kiume atatumika mpaka afike miaka 28 na wa kike mpaka 25, na kwamba sheria ya pili, ya mwaka 1817, iliwaahidi waliozaliwa kabla ya tarehe 4 Julai 1799 kwamba watakuwa huru tarehe 4 Julai 1827. Sasa waulize: dada aliyezaliwa Juni 1799 ni mtumwa, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa kwa mama huyo huyo mwaka 1815 ni «huru» tangu kuzaliwa, ni nani atakayetoka kwa bwana kwanza? Watapiga hesabu wataona kwamba dada, aliye mtumwa, anatoka mwaka 1827, na mdogo wake, aliye huru kwa mujibu wa karatasi, anatoka mwaka 1843. Nimelifanya zoezi hili na vijana, na hakuna maelezo yangu yoyote yaliyowahi kuwashika kama ukimya unaofuata pale mtu wa kwanza anaposema, «Mwalimu, haiwezekani.»

Mwisho wa sura hiyo ni New Jersey. Mwaka 1846 jimbo hilo lilibadili jina la watumwa wachache waliobaki likawaita wanagenzi wa maisha, na sensa ya mwaka 1860 ilihesabu 18 kati yao. Bunge lake liliyakataa mabadiliko ya katiba ya kukomesha utumwa mwaka 1865, likayakubali Januari 1866, mabadiliko yenyewe yakiwa yameshakuwa sheria ya nchi nzima.

Usiishie hapo, kwa sababu swali la mwanafunzi wako lina nusu ya pili: kwa nini makaburi yalihitaji katapila ili yakumbukwe? Ramani ya jiji ya mwaka 1755 iliyaonyesha. Hayakufichwa na mtu mmoja, yalisahauliwa na vizazi, na usahaulifu huo nao ni historia inayofaa kufundishwa. Kaskazini haikuwa na mashamba makubwa mengi yenye safu za vibanda. Watumwa wengi walilala jikoni, darini au ghalani, mmoja au wawili katika kila nyumba, na nyumba zilipobomolewa alama yao ikapotea. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 majimbo hayo yalijisimulia kama mkombozi, na mkombozi hapendi kuulizwa alivyoishi kabla. Tena kulikuwa na suala la lugha. Katika wosia na vitabu vya kanisa vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts, Connecticut na Rhode Island, mtumwa mara nyingi aliandikwa kwa neno lenye maana ya mtumishi. Sisi tunajua vizuri umbali uliopo kati ya mtumwa na mtumishi, ingawa maneno yote mawili yanatokana na kutuma na kutumika. Mtumishi ana mshahara na likizo, na jioni anarudi kwake. Mwanahistoria aliyekuja baadaye akasoma «mtumishi», akapita.

Barua ya pili: Mama wa watoto watatu, Mpwapwa

*Mhariri, mwanangu wa sekondari anakesha akikariri majina ya majimbo ya Marekani na miaka ambayo utumwa ulikomeshwa huko. Mimi sioni ubaya wa elimu, lakini njia ya misafara ya watumwa ilipita hapa hapa Mpwapwa, na mtoto huyo hawezi kunieleza hata kilichokuwa kinabebwa. Kwa nini aanze na ya mbali?*

Mama yangu, umeuliza swali ambalo ningetamani watunga mitihani wajiulize, na jibu langu litakushangaza kidogo: ya mbali na ya karibu, katika jambo hili, yalikuwa mzigo mmoja begani mwa mpagazi mmoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha pamba, cheupe chenye rangi ya maziwa kwa sababu hakikupaushwa, alichokifungia mbegu. Alikiita merikani. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba jina hilo lilimaanisha kile kile linachosema. Kuanzia miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, walikuwa wanakuja Unguja. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akafika kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake huko. Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa hicho, kilichofumwa katika viwanda vya New England. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na kuchumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Majimbo ya Kaskazini yalikuwa yanawaacha huru watumwa wao wenyewe, polepole kama nilivyomweleza Mwalimu wa Dodoma, na wakati huo huo mitambo yao ilikuwa inakula jasho la watumwa wa wengine.

Kutoka Unguja kitambaa kilivuka mpaka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, kikafungwa mizigo, kikapanda njia kuu ya kati kupitia Mpwapwa, kikavuka nyika kavu yenye maji machungu ya Marenga Mkali, kikaingia Ugogo. Watemi wa Kigogo walishika visima, na katika nchi yetu mwenye kisima ndiye mwenye njia, kwa hiyo kila msafara ulilipa hongo kabla ya kupita. Leo neno hongo lina aibu ndani yake, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia uliojadiliwa hadharani, nao ulilipwa kwa nguo kuliko kitu kingine chochote: doti kadhaa za merikani, doti kadhaa za kaniki, na shanga. Doti ilikuwa mikono minane na shuka mikono minne. Wewe mwenyewe, Mama, ukienda dukani kununua khanga bado unaomba doti.

Na kilichoshuka pwani kupitia hapa hapa? Pembe za ndovu na watu. Sehemu kubwa ya pembe iliishia katika vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda viliikata kuwa vichana na vibao vyembamba vya kufunika funguo za piano. Jina Ivoryton lenyewe maana yake ni mji wa pembe. Nyumba za Kaskazini ambazo jioni zilikusanyika kuimba nyimbo za kuombea watumwa wa Kusini wapate uhuru zilizipiga nyimbo hizo juu ya pembe zilizopita Ugogo.

Nina tahadhari moja, kwa sababu hapa watu huteleza. Si kila mpagazi alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi waliokodiwa kwa ujira, mabingwa wa kazi yao, na Wagogo nao waliuza pembe na chakula kwa faida. Mwanao akifundishwa kwamba kila aliyepita Mpwapwa na mzigo kichwani alikuwa amefungwa minyororo, atakuwa amepewa picha rahisi kuliko ukweli, na ukweli ndio mgumu zaidi: biashara ya watu huru na biashara ya watu waliotekwa zilisafiri pamoja, zikanywa kisima kimoja na kulipiwa hongo moja.

Kwa hiyo asiache kukariri majimbo, lakini mwambie aongeze mstari mmoja katika daftari lake. Sheria za polepole hazikuwa za Marekani peke yake. Serikali ya Wajerumani hapa kwetu nayo ilitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, ikawaacha wazazi wao katika utumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ukiwa na mzee wa zaidi ya miaka themanini katika ukoo wenu, huenda alilelewa na mtu aliyekuwa hai wakati huo.

Barua ya tatu: Mwanafunzi wa chuo, kutoka Kondoa

*Mzee Mhariri, shikamoo. Katika mjadala wetu chuoni mwenzangu alidai kwamba watumwa wa Kaskazini waliachwa huru kwa huruma ya Wazungu wema wenye dini. Mimi nilipinga lakini sikuwa na mifano. Nisaidie.*

Marahaba mwanangu. Mwenzako hakukosea kabisa. Walikuwapo Wakweka, watu wa dhehebu moja la Kikristo, na watu wengine wa imani waliotoa mali na usalama wao kwa ajili ya jambo hili. Moses Brown wa Rhode Island, mmoja wa ndugu wanne waliotuma meli iitwayo Sally Afrika mwaka 1764, aligeuka baadaye akawaacha huru watumwa wake na kupambana na biashara hiyo. Lakini isome hadithi ya Sally yenyewe kabla ya kumpongeza. Nahodha alinunua watu 196 na angalau 109 walikufa, na daftari la safari limebaki. Limewaandika waliokufa mmoja baada ya mwingine, mwanamke, mvulana, msichana, kila mmoja na namba ya kifo chake, bila jina hata moja. Chuo kikuu kinachobeba jina la familia hiyo kiliunda kamati mwaka 2003, chini ya rais wake Ruth Simmons, ambaye mwenyewe ni mzao wa watumwa, na mwaka 2006 kikatoa taarifa ndefu iliyokiri uhusiano wake na biashara hiyo. Nadhani ujasiri ule ulikuwa mkubwa kuliko toba ya Moses Brown, kwa sababu hakuna aliyekuwa hai ambaye angelaumiwa kama wangenyamaza.

Mifano uliyoomba ni hii mitatu.

Elizabeth Freeman alikuwa mtumwa huko Sheffield, Massachusetts. Aliposikia watu wakizungumza kwamba katiba mpya ya jimbo inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa, alimwendea wakili Theodore Sedgwick akamwomba aifungue kesi. Mwaka 1781 baraza la wazee wa mahakama lilimpa uhuru na fidia ya shilingi thelathini. Hakuwa anajua kusoma. Leo ana sanamu katika mji huo, iliyozinduliwa mwaka 2022.

Ona Judge alikuwa mhudumu wa mke wa George Washington mjini Philadelphia, makao ya serikali wakati huo. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa jimboni miezi sita mfululizo, kwa hiyo rais wa kwanza wa nchi iliyopigania uhuru alikuwa anawarudisha watumwa wake Virginia kwa zamu kabla miezi sita haijatimia, kisha anawaleta tena. Mwezi Mei 1796, familia ikiwa mezani inakula chakula cha jioni, Ona alitoka mlangoni na hakurudi. Alipanda meli mpaka New Hampshire. Washington alituma watu kumshawishi na kumtafuta, akakataa. Aliishi maskini, akazika watoto wake, akafa mwaka 1848 akiwa bado mtumwa kwa mujibu wa sheria, na alipoulizwa uzeeni kama anajuta alisema hapana. Mahali palipokuwa na nyumba ile ya Washington mjini Philadelphia pana kumbukumbu iliyofunguliwa Desemba 2010, yenye majina ya watu tisa waliotumikishwa humo. Ilifunguliwa baada ya wananchi kupiga kelele kwa miaka kadhaa, kwa sababu jengo jipya la kuhifadhi Kengele ya Uhuru, ambayo Wamarekani huiona kama alama ya uhuru wao, lilikuwa limejengwa karibu na pale walipokuwa wakilala watumwa, na mpango wa mwanzo haukuwataja.

Sojourner Truth unamjua kwa jina. Wengi hudhani alitoka Kusini. Alizaliwa jimbo la New York karibu mwaka 1797, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, kwa kuwa mabwana wa eneo lile walikuwa Waholanzi. Akiwa na miaka tisa hivi aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Mwishoni mwa 1826 aliondoka alfajiri na mtoto wake mchanga mkononi. Watoto wengine aliwaacha, kwa sababu sheria ile niliyoieleza juu iliwafunga waendelee kutumika. Mwanawe Peter, wa miaka mitano hivi, alikuwa ameuzwa kinyume cha sheria mpaka Alabama. Mama huyo asiyejua kusoma alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 1828, na mtoto akarudishwa kwake akiwa na makovu mwili mzima.

Mpelekee mwenzako hao watatu, kisha muulize huruma ya nani ilimfungulia Ona Judge mlango.

Barua ya nne: Mstaafu, Manyoni

*Mhariri, mimi ni mkazi wa karibu na Kilimatinde. Nimesikia kwamba huko Marekani wanafunzi wenyewe wanaweka alama za watumwa barabarani. Je, sisi tunaweza? Na mwalimu asiye na vifaa abebe nini darasani?*

Ndugu yangu, ni kweli. Mwaka 2017 katika mji wa Guilford, Connecticut, ulianza mpango wa mawe ya ushahidi, uliofuata mfano wa Ujerumani. Wanafunzi huchukua mtumwa mmoja aliyeishi katika mji wao, humtafuta katika wosia, vitabu vya ubatizo, orodha za mali na matangazo ya watoro, mpaka wapate walau jina lake na mahali alipolala, kisha huweka njiani, mbele ya nyumba hiyo, jiwe lenye bamba dogo la shaba. Napenda udogo wake. Sanamu kubwa mtu huipita akiangalia juu, lakini bamba la ukubwa wa kiganja lazima uiname ili ulisome.

Kilimatinde imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, katika Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Utumwa na Pembe, ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 iwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Lakini wanafunzi wa Connecticut hawakusubiri orodha ya mtu. Wakusanye wa shule iliyo karibu nawe, uwapeleke kwa wazee wenye kumbukumbu ya visima na kambi, wayaandike majina ya mahali kabla hayajafunikwa na vibao vya viwanja. Wazee wengine watakataa kuwataja waliokuwa watumwa, kwa sababu wajukuu wao wanaishi jirani na wajukuu wa mabwana. Heshimuni hilo. Familia nyingi za New England nazo zilikuwa na sababu zao za kunyamaza, na walioandika historia ya miji hiyo walijifunza kuanza na mahali na vitu, halafu watu, kwa ruhusa ya wenye watu.

Kuhusu kifaa, nunua mita nne za kitambaa cheupe cha pamba kisichopaushwa. Mafundi cherehani watakuelewa ukitaja merikani, hasa walio wazee. Kitandaze juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Mwite mwanafunzi mwenye mkono mrefu na mwingine mwenye mkono mfupi, kila mmoja akipime kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, na hesabu zao zitatofautiana kama zilivyotofautiana mbele ya watemi, ambako mabishano ya kupima hongo yaliweza kuuchelewesha msafara siku nzima. Kisha uwaulize kitambaa hicho kimetoka kwa nani, na usiwajibu mpaka kengele ilie.